Mtumishi Mgumu wa Subirini

Kabla sijaanza naomba ieleweke kwamba Jamhuri ya Subirini haimo katika ramani yoyote inayouzwa hapa mjini. Nimeuliza kwenye maduka matatu ya vitabu, na katika lile la tatu mwenye duka alifunga mlango kwanza ndipo akanijibu. Kwa hiyo msomaji atakayeona jambo linalofanana na la kwao, ajue ni macho yake.

Subirini ni nchi nzuri. Serikali yake inawapenda wananchi, na kila mwaka hutoa waraka wa kuthibitisha hivyo. Mwaka ninaousimulia, waraka ulitoka Wizara ya Kazi, Muda na Mengineyo, nao ulihusu kitu kilichoitwa Saa Nyumbufu. Mtumishi wa umma, waraka ulieleza, hatalazimika tena kuingia kazini saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri kama mfungwa. Atachagua mwenyewe saa zinazoendana na maisha yake. Nchi zote zilizoendelea zimeshafanya hivyo, na watumishi wake wananenepa kwa furaha. Watu wa mtaani walijaribu kulitamka neno hilo kwa siku mbili hivi, kisha wakaamua kusema saa mpira.

Kadi za mwaliko wa uzinduzi ziliandikwa saa tatu asubuhi. Waziri, Mheshimiwa Ladislaus Mtengeti, alifika saa nane mchana, na baadhi ya waalikwa wakadhani amechelewa. Alipopanda jukwaani aliwasahihisha kwa upole. Alisema kuchelewa ni fikra zilizopitwa na wakati, na kwamba walichokuwa wakikishuhudia tangu asubuhi, pale juani, kilikuwa ni mfano wa vitendo.

"Tangu leo," alisema, "mtumishi wa Subirini haifuati saa. Saa itamfuata mtumishi. Imtafute alipo, na ikimkosa, isubiri."

Makofi yalipigwa. Bendi ilitakiwa kufuatia na wimbo, lakini wanabendi walikuwa wameshachagua saa zao na kuondoka.

Miongoni mwa waliopiga makofi mpaka viganja vikauma alikuwamo Bi. Tunu Makweba, na yeye alikuwa na sababu.

* * *

Tunu alikuwa karani wa masjala katika Idara ya Vyeti, ghorofa ya tatu, ofisi inayowaandikia wananchi vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kufa. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kuchelewa. Hakuwa mwoga, yalikuwa ni malezi. Baba yake, Mzee Makweba, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka ishirini na tisa. Treni za Subirini zilifika siku zilipojisikia, lakini yeye alisimama kando ya reli kila siku kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba, kofia kichwani, akizingoja.

Mwezi mmoja kabla ya uzinduzi ule, mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno mengi yakampotea. Yaliyobaki yalikuwa ya reli. Akitaka chai husema "makaa ya mawe", na akitaka kulala husema "mwisho wa njia".

Hospitalini walikutana na Sista Yustina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kuukandia unga wa arusi nzima. Aliwapangia Jumanne na Alhamisi, saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Alisema lazima ndugu awepo, kwanza kwa kumshikilia mzee, pili kwa kujifunza ili mazoezi yaendelee nyumbani. Alimweleza Tunu bila kuzunguka kwamba miezi sita ya kwanza ndiyo yenyewe. Mkono ukishazoea kulala, hauamki tena.

Mama yake Tunu alishafariki, na ndugu hakuwa naye. Aliomba ruhusa kazini akajibiwa kwamba saa ni saa. Ndiyo maana waraka wa Waziri aliupokea kana kwamba umeandikwa kwa jina lake. Siku ya pili yake alichukua fomu ya maombi, SN 7, kurasa sita, akaijaza kwa mwandiko wa masjala. Aliomba siku za Jumanne na Alhamisi aingie saa nne na nusu, na saa tatu zilizopotea azifidie jioni ya siku hiyohiyo. Aliambatisha barua ya hospitali.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Pazi Kilindo, alimwita. Kilindo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshika kalamu kwa vidole viwili tu, kama vile inaweza kulipuka.

"Bi. Tunu, hapa umeandika saa mbili mpaka saa nne."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ndiyo saa ya mazoezi ya Baba."

"Haiwezi kuwa saa tano? Au siku nyingine, kadiri itakavyotokea?"

"Haiwezi. Ni hospitali."

Kilindo aliweka kalamu mezani kwa masikitiko ya kweli. "Basi hizo ni saa ngumu. Waraka unahusu saa nyumbufu. Nikikupitishia saa ngumu kwa fomu ya saa nyumbufu, mkaguzi atanielewaje?"

Tunu alichukua fomu yake akatoka. Wenzake wote kumi walikubaliwa siku hiyohiyo. Mwenye funguo za makabati alikuwa ameandika "nikijaliwa". Mwenye mhuri wa vifo aliandika "kutegemeana na hali ya hewa". Mkurugenzi mwenyewe, katika kisanduku cha saa za kuingia, aliandika "itategemea", na katika kisanduku cha saa za kutoka akaweka alama ya "kama hapo juu". Hakuna hata mmoja aliyetaja saa, na kwa hiyo hapakuwa na cha kukataa.

* * *

Wiki ya pili, Idara ya Vyeti ilikuwa na watumishi kumi na mmoja kwenye karatasi na mmoja kwenye kiti. Wizara ilikuwa imeliona hilo mapema. Kifungu cha tisa cha waraka kiliagiza kila ofisi iwe na angalau mtu mmoja ambaye saa zake hazinyumbuki, na cheo chake kiwe Mtumishi Mgumu. Cheo hakikuwa na nyongeza yoyote isipokuwa beji. Tunu aliivaa.

Pamoja na beji alikabidhiwa funguo zote, mihuri yote tisa na pedi zake za wino, na barua ya kumpa mamlaka ya kukaimu nafasi za wenzake wote. Barua hiyo Kilindo aliiandika kwa mkono wake, akihofia kwamba Tunu angetoroka kwenda hospitali. Ilisema hivi: "Kuanzia tarehe ya barua hii, Mtumishi Mgumu pamoja na mihuri ndiyo Idara. Idara haitaachwa na Mtumishi Mgumu, wala Mtumishi Mgumu hataachana na Idara, hata kwa dakika moja, kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri."

Aliipokea, akaitia kwenye droo, akaendelea na foleni. Foleni sasa ilianzia mezani kwake, ikashuka ngazi na kutokea barabarani, maana kazi ya watu kumi na mmoja aliifanya peke yake. Jumanne ilipita, Alhamisi ikapita, Jumanne nyingine ikapita. Jirani alijitolea kumpeleka mzee mara moja, lakini mzee aligoma kunyanyua hata kidole mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Sista Yustina alituma ujumbe kwamba wakikosa wiki mbili zaidi, wasijisumbue kurudi.

Jumamosi, Tunu alimkuta baba yake peke yake mezani akijaribu kukiinua kijiko kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimejikunja, havikutaka kufunguka. Kijiko kilianguka, akakiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena, kikaanguka tena. Alipogundua kwamba mwanawe yupo mlangoni, aligeuzia uso wake ukutani. Tunu alirudi jikoni, akasimama pale muda mrefu, akiwa ameshika sufuria tupu.

Jumatatu asubuhi aliitoa ile barua kwenye droo, akaisoma kama mpangaji anavyosoma mkataba wa nyumba, neno kwa neno. Aliambiwa asiiache Idara. Idara ni yeye na mihuri. Ghorofa ya tatu haikutajwa popote.

* * *

Jumanne saa moja na nusu aliingia ofisini, akasaini daftari la mahudhurio, kisha akaitia Idara ya Vyeti kwenye kikapu cha sokoni. Mihuri tisa ilitosha, pedi zikatosha, rejista mbili akazifunga kwa kanga na kuzipakata. Mlangoni alibandika karatasi: "Idara haijafungwa. Iko hospitali, korido ya mazoezi ya viungo, mpaka saa nne. Karibuni." Waliokuwa kwenye foleni walisoma, wakatazamana, wakamfuata. Waliopita barabarani walidhani ni msiba.

Sista Yustina alipoona watu arobaini wakiingia koridoni kwake, aliweka mikono kiunoni akauliza kama kuna basi limepinduka. Tunu alimweleza kwa kifupi. Sista alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mzee, akamtazama mwanawe na kikapu chake, akasema kama ni hivyo basi wakae upande mmoja, wasizibe vyuma vya kushikia.

Mzee Makweba, aliyeletwa na jirani, alikuwa ameketi kwenye kiti, kichwa chini. Lakini watu walipoanza kusukumana, kitu fulani kiliamka ndani yake. Aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, kiganja wazi, na korido nzima ikanyamaza.

"Behewa moja moja," alisema.

Wakajipanga. Kuanzia hapo foleni ilikuwa yake. Aliyejaribu kupenya alirudishwa kwa jicho tu, na mwenye mtoto mgongoni aliitwa mbele kwa kidole. Watu walizoea kumwamkia kwanza ndipo washike nafasi. Cheti kilichokuwa kikichukua miezi mitatu ghorofa ya tatu, koridoni kilichukua dakika mbili, kwa sababu mwenye funguo, mwenye rejista na mwenye mhuri walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja, wamevaa gauni moja.

Jambo la mhuri lilianzishwa na Sista Yustina. Wiki ya pili ya mazoezi alikuwa akimpa mzee mpira wa kuminya, na mzee akiudharau kama kitu cha watoto. Sista alitazama meza ya Tunu, akaona mkono ukishika, ukinyanyua, ukigandamiza. Alisema hilo ndilo zoezi lenyewe, tena bora kuliko mpira. Tunu alisita. Mhuri ule ni wa taifa. Halafu akaikumbuka ile Jumamosi, akauweka mhuri wa uzazi katika kiganja cha baba yake, akavifunga vidole kimoja kimoja kuuzunguka.

Mhuri wa kwanza aliogonga Mzee Makweba ulionekana kama kivuli cha samaki. Mwenye cheti, mama mmoja aliyekuja kumwandikisha mwanawe, aliugeuza juu na chini, akasema hana neno nao. Mpaka leo vyeti vya miezi ile vinajulikana Subirini. Vya mwanzo vimepauka na vimelala ubavu. Vya mwezi uliofuata vimepauka lakini vimesimama. Ukiwa na subira ya kuvipanga kwa tarehe, utauona mkono wa mtu unavyoamka.

* * *

Ikatokea kwamba Mheshimiwa Mtengeti alialikwa nchi za nje kupokea nishani ya Saa Nyumbufu. Wenyeji wake walitaka viza, viza ikataka cheti cha kuzaliwa, na Waziri, kama wakubwa wengi, hakuwahi kuhitaji kuthibitisha kwamba alizaliwa. Alikwenda Idara ya Vyeti siku ya Alhamisi saa mbili na nusu, mapema kuliko alivyowahi kuamka tangu ateuliwe. Alikuta viti kumi na kimoja vitupu na karatasi mlangoni. Alimpigia Kilindo, na simu ikamjulisha kwa sauti nyororo kwamba Mkurugenzi yuko katika saa zake.

Aliingia koridoni akiwa na mlinzi mmoja, akaenda moja kwa moja mpaka mezani. Mzee Makweba aliinua mkono wa kushoto.

Mlinzi alimnong'oneza mzee kwamba huyu ni Waziri. Mzee aliangalia foleni, akamwangalia Waziri, akayatafuta maneno kwa muda, na yalipopatikana yalitoka yote kwa pamoja.

"Treni ya mbele haijatoka," alisema.

Waziri alipewa namba arobaini na tatu. Alikaa kwenye benchi kati ya bibi arusi mtarajiwa na mzee mmoja aliyekuja kukanusha kifo chake, kilichokuwa kimeandikwa kimakosa miaka sita iliyopita. Mzee huyo alimweleza Waziri kwamba tangu afe hajawahi kupata pensheni wala kadi ya kupigia kura, na kwamba ghorofa ya tatu walimwambia alete shahidi aliyemwona akiwa hai. Waziri alisema atalifuatilia. Mzee akamwomba basi awe shahidi, na kwa kuwa walikuwa wamekaa pamoja na hakuna pa kukimbilia, Waziri akatia saini. Aliyekufa akafufuliwa kabla ya saa tatu na nusu.

Namba arobaini na tatu ilipoitwa, mkono wa mzee ulikuwa umechoka. Sista Yustina aliagiza mapumziko ya dakika kumi. Waziri alieleza, kwa sauti ya jukwaani, umuhimu wa safari yake kwa taifa. Sista alimjibu kwamba misuli haina taifa, na akaendelea kukikanda kiganja. Dakika kumi zikaisha, mhuri ukagongwa, Waziri akawa amezaliwa rasmi. Saa nne kasorobo alikuwa nje, na alisimama kwenye ngazi za hospitali kidogo, akiitazama saa yake ya mkononi kama mtu aliyeletewa kitu asichokiagiza.

Huko nje walimvisha nishani. Wakamwomba aeleze siri ya mafanikio, na yeye, kwa kuwa hakuwa na mfano mwingine wowote uliofanya kazi, alieleza habari za Ofisi Inayotembea, aliyoibuni mwenyewe. Hotuba ilirushwa redioni, na Bwana Kilindo aliisikia akiwa kwake kibarazani, katika saa zake. Ndivyo alivyojua kwamba idara yake ilishahama.

* * *

Tunu alipata barua ya mashtaka yenye makosa matatu. La kwanza, kuhamisha idara bila kibali. La pili, kumkabidhi mgonjwa mhuri wa taifa. La tatu, ambalo ndilo lililoelezwa kwa urefu, kutoa huduma kwa saa zinazojulikana. Alitakiwa kujieleza mbele ya Kamati ya Nidhamu yenye wajumbe watano, mwenyekiti Bwana Kilindo, na adhabu ilikuwa kufukuzwa kazi.

Jioni hiyo Tunu hakula. Hakuwa akiiwazia kazi sana. Mazoezi yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja na nusu, na mzee alikuwa ameanza kufunga vifungo viwili vya shati. Kamati ingempokonya mihuri, na mihuri ikiondoka, zoezi limeondoka. Mwenyewe mzee aliisoma barua ya mashtaka polepole, akairudisha mezani, akasema "njia moja", maneno ambayo watu wa reli huyatumia kwa sehemu isiyo na pa kupishana.

Lakini kamati haikukaa. Akidi ilikuwa wajumbe wote watano, na wote watano walikuwa na saa nyumbufu. Kikao cha kwanza alifika mmoja. Cha pili walifika wawili, kwa saa tofauti, hawakukutana. Cha tatu alifika Tunu tu. Na kanuni za utumishi wa Subirini zinasema wazi kwamba mshtakiwa asibadilishiwe kituo, saa wala vifaa vya kazi mpaka shauri lake lisikilizwe. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi alilazimika kisheria kwenda koridoni, na alitii.

Mwezi ukapita. Ulipofika msimu wa kuandikisha watoto shule, foleni ya korido ilifika mpaka kwenye geti. Jumanne moja Mzee Makweba, akiwa amesimama sasa bila kushikwa, alipita akihesabu watu, akasimama ghafla. Kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwingine, walikuwapo wajumbe wanne wa Kamati ya Nidhamu, kila mmoja na shida yake. Wa tano, nyuma yao, alikuwa Bwana Pazi Kilindo, amebeba bahasha ya mjukuu wake anayetakiwa kuanza darasa la kwanza.

Tunu aliwaona dakika ileile. Wao pia walionana. Mmoja alihesabu wenzake kwa macho, akamnong'oneza Kilindo kwamba akidi imetimia, na kwamba kwa mujibu wa kanuni, wajumbe watano wakiwa mahali pamoja na mshtakiwa, shauri linaweza kusikilizwa papo hapo. Wakaanza kutoka kwenye mstari.

Mzee Makweba aliwafuata, akawasimamia mbele. Maneno yalishaanza kumrudia wakati huo, hata yasiyo ya reli.

"Mko kwenye foleni, au mko kwenye kikao?" aliuliza.

Kilindo aliuliza kuna tofauti gani. Mzee alimwonyesha nyuma, ambako watu sitini walikuwa wameshasogea hatua moja kuziba nafasi iliyoanza kuachwa. Wajumbe walitazama foleni. Waliitazama saa ya ukutani, saa tatu na dakika ishirini, na kila mtu alijua kwamba saa nne ni saa nne. Kilindo aliifikicha bahasha yake.

"Naona akidi haijatimia," alisema hatimaye, akarudi kwenye mstari. Wenzake wanne wakarudi, kila mmoja nyuma ya aliyekuwa mbele yake.

Ilipofika zamu yake, Kilindo alisalimia, akakaa, akajibu maswali yote kama mwananchi. Tunu aliandika jina la mjukuu kwa mwandiko wa masjala, akageuza cheti upande wa baba yake. Mzee aliushika mhuri kwa mkono wa kulia, peke yake, akaugonga kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani.

Kilindo alikiinua cheti kwenye mwanga. Mhuri ulikuwa mweusi, umenyooka, kila herufi inasomeka. Alikikunja taratibu, akakitia mfuko wa ndani, lakini hakuinuka. Alieleza, akiwa ameinamisha macho, kwamba nyumbani kwake mama wa watoto ana goti linalomsumbua tangu mwaka jana, na kila akimpeleka hospitali hawajui waje saa ngapi.

"Hivi Alhamisi mnakuwepo?" aliuliza.

"Tunakuwepo, Mkurugenzi," alisema Tunu. "Saa mbili."